Duka la dawa lililokataa hela yangu mara tatu, Mwanjelwa Mbeya

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoinyima nitaieleza huko mbele, ina sababu yake, na dada wa duka anaijua maana nilishamwambia uso kwa uso.

Jina la duka silitaji. Mwenyewe kaniomba nisilitaje, anasema ukishaandikwa mtandaoni kesho yake wanakuja watu kukujaribu tu. Ila wa Mwanjelwa mtalijua, nje kuna benchi la mbao mguu mmoja umewekewa tofali na dada mwenyewe haongei kwa sauti ya chini hata umpe nini.

Mimi ni fundi simu, mambo ya dawa sijui, nijue wapi, mi najua kubadilisha kioo na kusafisha sehemu ya chaji. Mwezi wa sita mke wangu kajifungua mtoto wetu wa kwanza, njia ya kawaida kabisa, kachanika kidogo akashonwa nyuzi chache, kalala wodini siku moja kesho yake tukaruhusiwa na mfuko wenye panado na vidonge vya kuongeza damu. Basi. Mi nikaona safi, nikaita bajaji tukaenda zetu Ilemi.

Siku ya pili mama mkwe kaingia toka Tukuyu na mkungu wa ndizi, kuku wawili na begi lililoonyesha kwamba hana haraka ya kurudi. Kamshika mjukuu, kamshukuru Mungu, ndaga ndaga nyingi, afu kafungua ule mfuko wa hospitali akamwaga vitu kitandani. "Dawa ziko wapi?" Nikamwonyesha panado. Akaniangalia kama vile nimezila mimi hizo dawa nyingine. "Mwanangu, mtu kashonwa, kidonda kiko ndani kule, na hawajampa hata rangi mbili za kukausha na kusafisha tumbo?" Rangi mbili ndo zile kapsuli za antibayotiki, dawa za kuua bakteria.

Sasa we utabishana na mama mkwe? Tena yule anayemkanda mke wako maji ya moto asubuhi na jioni na wewe hujui hata beseni linashikwaje? Unasema ndiyo mama, unatafuta viatu.

Nikaenda kwanza duka la karibu na nyumbani. Hili halihusiki na review hii lakini lazima nilisimulie ili muelewe kwa nini lile lingine nimelipa nyota nne. Binti yuko kaunta ana spika za masikio, kachomoa moja tu. Nikamwambia nataka Ampiclox na Flagyl za mzazi. "Za shingapi?" Nikamwambia sijui dada, kwani zinatakiwa ngapi? "Kwani una shingapi?" Nikasema elfu tatu. Kakata kapsuli kumi, kakata na zile nyeupe kumi, katia kwenye bahasha ya kaki, kaandika 2x3 kote kote, kaendelea na mziki wake. Dakika mbili nyingi. Siku hiyo nikaona hii ndo huduma sasa, fasta fasta. Hajauliza mzazi ana siku ngapi, ananyonyesha au la, ana aleji ya penisilini au hana (na hiyo aleji ukiwa nayo ni kitu cha kukuua kabisa, nimekuja kujua baadae). Na ukipiga hesabu, kapsuli kumi kwa mbili mara tatu hazifikishi hata siku mbili. Yaani nimeuziwa dozi ya mfuko wangu, sio ya ugonjwa.

Mama mkwe kaziangalia, "hizi chache, kaongeze, Mwanjelwa bei ni nzuri." Haya. Nikaziacha juu ya kabati, kumbukeni hilo kabati.

Ndo nikafika kwa huyu dada. Nikakuta watu kama watano hivi kwenye foleni, benchi limejaa. Zamu yangu ikafika nikasema kwa kujiamini, naomba rangi mbili za elfu tano. Akaniuliza rangi mbili ipi kaka? Nikasema rangi mbili, zile za kawaida. Akageuka kwenye shelfu akaanza kunipangia kaunta. Hii hapa amoksilini, ina rangi mbili. Hii Ampiclox, ina rangi mbili. Hii tetrasaiklini, rangi mbili. Hii omeprazo ya vidonda vya tumbo, nayo rangi mbili. "Chagua rangi, harusi ni lini?" Watu kwenye benchi wakacheka, hata mi nikacheka ingawa nilikuwa naona aibu.

Afu akaanza maswali na hapa ndo nyota yangu moja ilipoanguka. Ni za nani? Mke wangu. Kajifungua lini? Juzi. Kwa njia gani? Kawaida. Alichanika mpaka wapi? Jamani nina watu watano nyuma yangu. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe au waliingiza mkono kulitoa? Kuna mzee nyuma akakohoa. Ana homa? Tumbo la chini linamuuma ukilibonyeza? Damu inayotoka inanuka? Nikamwambia dada mi sijawahi kwenda kunusa. Benchi zima likavunjika mbavu. Sio sawa. Maswali yenyewe ni ya maana, nakubali asilimia mia, lakini mambo ya mke wa mtu yanasemwa pembeni, hata pazia tu la kanga lingetosha.

Akaniambia mpigie mke wako. Nikapiga, akaichukua simu akaongea nae mwenyewe, na hapo kidogo alishusha sauti. Mke wangu akasema hana homa, anasikia maumivu akikaa na akienda haja, damu inapungua, maziwa yameanza kuja vizuri. Dada akanirudishia simu yangu na vile vidonge akavirudisha shelfu. "Hahitaji."

Nikamwambia dada hela ninayo. "Najua unayo, kamnunulie nyama." Nikamwambia kuna mama mkwe nyumbani. Hapo ndo akanionea huruma, akaniambia kaa hapo nihudumie hawa wawili afu nikueleze ukamweleze na yeye.

Alivyonieleza kwa kifupi ni hivi na mi naandika kama nilivyoelewa fundi simu. Mzazi aliyejifungua kawaida bila shida haanzishiwi antibayotiki za kinga, hata kama kaongezwa njia akashonwa. Sio yeye anasema, ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, alikuwa nao kwenye simu yake akanionyesha ukurasa. Kushonwa tu sio ugonjwa. Wanaopewa wanajulikana: aliyechanika vibaya mpaka kwenye misuli ya haja kubwa, ambae kondo lilitolewa kwa mkono, na wa kisu. Na hata huyo wa kisu, kinga yake ni dozi moja ambayo inaingia mwilini kabla hajachanwa, nusu saa mpaka saa moja hivi kabla, sio lundo la vidonge vya wiki nzima nyumbani wakati hana dalili yoyote. Nikamwambia mbona shemeji yangu alifanyiwa opareshen akarudi na mfuko mzima? Akasema inategemea walikuta nini huko ndani, we si ulikuwa nje, na kama walimpa kwa mazoea tu hiyo ni habari nyingine.

Nikauliza sasa ubaya uko wapi akinywa tu, si kinga? Akanijibu kwa lugha yangu na hili nimelipenda sana. "We fundi, mteja akileta simu nzima unaifungua kukagua kama itaharibika?" Hapana. "Kwa nini?" Kwa sababu nikiifungua naweza nikaharibu mimi. Akasema ndo hivyo hivyo, tumboni kuna wadudu wazuri unawaua bure, mama anaharisha, anapata fangasi, dawa kidogo inapita kwenye maziwa na mtoto nae anaweza akalegea tumbo au akaota utando mweupe mdomoni. Na wale wadudu wabaya wachache wanaobaki wanaizoea dawa, siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi. Afu akaongeza, "ila asije mtu akamwambia aache kunyonyesha kwa sababu ya dawa, akihitaji dawa atakunywa na atanyonyesha, amoksilini na nyingi za aina hiyo hazina shida na mtoto." Hilo nililisikia sikio moja siku hiyo, likaja kutusaidia baadae.

Kilichofuata ni kuuziwa, ila sio nilichofuata. Pedi kubwa, sabuni ya kipande, na kipimajoto cha elfu sita. Akasema mama mkwe akikuuliza dawa mwonyeshe sabuni: anawe mikono kabla ya kushika kidonda na kabla ya kushika mtoto, kidonda kioshwe maji safi ya uvuguvugu, pedi ibadilishwe mara kwa mara asilale nayo. Akanichorea nyuma ya risiti mambo ya kunirudisha mbio: homa kuanzia 38, kutetemeka, tumbo la chini kuuma, uchafu wenye harufu mbaya, kidonda kutoa usaha au kufunguka, ziwa kuwa jekundu gumu na homa juu. "Ukiona kimoja usije kwangu, nenda hospitali." Risiti alitoa, tena ya mashine, sio karatasi ya kuchana.

Usiku nikaweka bando nikasoma mwenyewe kuhakiki, si mnajua tena fundi haamini mpaka afungue. Mwongozo upo kweli. Nikakuta na mengine, kwamba waliozalishwa kwa kuvutwa na vakyumu au koleo hao wanastahili dozi moja ya kinga, Uingereza walichapisha utafiti wao 2019, wanawake 3,427, dozi moja ya mshipa ndani ya masaa sita baada ya kujifungua, maambukizi yakawa asilimia 11 badala ya 19. Kwa hiyo sio kwamba dawa ni mbaya jamani, dawa ina mtu wake na saa yake. Halafu kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, mjomba mmoja akasikia nasoma haya akanitupia habari ya "azuma ya wazazi", eti wazungu wamegundua kila mzazi ale azithromaisini. Nikaifuata mpaka mwisho. Ni kweli kuna utafiti ulitoka 2023, wanawake zaidi ya 29,000 kwenye nchi saba, Kenya, Kongo na Zambia zimo, lakini walipewa dozi moja ya gramu mbili wakiwa na uchungu, kabla hawajazaa, hospitalini, na waliopata sepsisi (maambukizi yakishauelemea mwili mzima) au kufariki walikuwa asilimia 1.6 badala ya 2.4 ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Uchungu, mjomba. Sio siku ya tatu umekaa Ilemi unakunywa uji wa ulezi. Hakujibu, kaweka kidole gumba.

Nyumbani mama mkwe aliipokea sabuni kimya. Kimya cha mama mkwe kinajulikana.

Siku ya saba sasa. Jioni mke wangu kaanza kusema anasikia baridi. Na kosa langu ni hili, mwezi wa sita Mbeya nani hasikii baridi? Mi mwenyewe nilikuwa na koti ndani ya nyumba. Tukamuongezea blanketi, tukaongeza jiko la mkaa mlangoni, mama akachemsha chai ya tangawizi. Akawa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Ndo nikakumbuka kipimajoto. 39.1. Nikapima tena nikidhani nimekosea, 39.2. Mama akasema malaria hiyo, kalete mseto. Nikamuuliza mke wangu kwa aibu yangu yote, ile damu vipi? Akasema tangu jana inanuka, aliona aibu kusema.

Hapa nilikosea tena, maana risiti ilisema usije kwangu nenda hospitali, mi nikakimbilia dukani. Nilifika saa mbili kasoro wanataka kufunga. Nikamwambia nipe mseto na panado na kitu cha nguvu, sindano hata, kuna jirani anachoma. Akauliza joto ngapi, nikasema. Harufu? Nikasema ipo. Huyu dada ambae huwa anauliza maswali mia, siku hiyo hakuuliza la tatu. Alifunga droo ya hela. "Mbona bado umesimama hapa?" Akatoka nje mwenyewe akaita bajaji, akachana karatasi akaandika: siku 7 tangu kujifungua kawaida, homa 39.2, kutetemeka, uchafu unanuka. Akaniambia hii ya kizazi haitibiwi kaunta, hii inahitaji dawa ya mshipa na mtu wa kuangalia kilichoko ndani, kila saa unayokaa unacheza. Hakuniuzia hata panado. Ile ni mara ya pili anakataa hela yangu na safari hii sikubishana.

Wengi mnadhani mwenye duka anayekataa kuuza dawa ni mtu wa kuchelewesha watu. Huyu siku dawa ilipohitajika kweli alikuwa na haraka kuliko mimi mume.

Hospitali (siitaji, na ile ya kujifungulia pia siitaji) swali la kwanza la daktari lilikuwa, ametumia dawa gani toka atoke wodini? Nikasema panado na za damu. Mama mkwe kimya. Daktari akarudia, "kuna kitu kingine chochote, hata cha kienyeji, sigombi." Mama akatazama chini akasema, nilimpa zile za kabati. Zile kapsuli kumi na zile nyeupe kumi. Alimpa siku ya tatu na ya nne mpaka zikaisha, mke wangu akameza maana mama kasema. Kwa kweli sikukasirika, au nilikasirika kidogo, lakini zile dawa nani alizileta nyumbani? Si mimi.

Wakapiga ultrasaundi, kukaonekana kipande cha kondo kimebaki. Wakamuanzishia dripu na sindano usiku ule ule, seftriaksoni na metronidazo ya mshipa, asubuhi wakamsafisha. Nilipokuja kusoma nikaona Shirika la Afya wao kwa homa hii ya kizazi wanataja klindamaisini pamoja na jentamaisini, nikamuuliza daktari, akasema hospitali inatumia ilichonacho kwenye mwongozo wake na stoo yake, cha msingi ifike wadudu wote na iingie mapema. Daktari mpole sana yule, mi ningemfukuza fundi mwenzangu anayeniuliza hivyo.

Mama mkwe kwenye korido kama mlivyotarajia: "Nilisema mimi. Nilisema apewe dawa mapema." Na ukweli niwaambie, sikuwa na jibu. Ilionekana kama yuko sahihi, dada wa duka kakataa dawa na huyu hapa anaumwa. Nikalibeba swali hilo mpaka kwa daktari mbele yake mama. Daktari akasema mama, kipande kimebaki ndani kinaoza, kapsuli haiwezi kukitoa, ni sawa na mtu ana mwiba mguuni unampa dawa ya maumivu. Angekunywa za siku saba kamili bado kipande kingekuwepo. Na zile nusu dozi inawezekana ndo zilishikilia homa siku mbili tatu hatukuiona mapema, moto ulikuwa chini ya majivu. Mama akauliza, kwa hiyo nimemdhuru mwanangu? Daktari akamwambia hapana mama, umemleta, na umesema ukweli, wengi hawasemi. Nikaona mama anafuta macho na kanga, nikajifanya napokea simu.

Alikaa siku nne. Homa ilishuka siku ya pili, sindano zikaendelea mpaka akapita siku mbili nzima bila homa wala maumivu. Mtoto alinyonya siku zote hizo, kuna mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwambia mke wangu akamue amwage maana maziwa yana dawa, mke wangu akasema hapana dada wa duka alishamwambia mume wangu, kumbe aliyoyasikia sikio langu moja nilikuwa nimeyafikisha. Mtoto aliharisha kidogo siku mbili akaacha.

Turudi kwenye review. Tumetoka, nikapita dukani na karatasi ya kuruhusiwa nikiwa najiona sasa mi mjanja. Nikamwambia dada safari hii huna pa kunikatalia, alikuwa na maambukizi kweli, nipe vidonge vya siku saba vya kumalizia, nimesoma dozi lazima imaliziwe. Akaisoma karatasi mbele, akaigeuza nyuma. "Daktari kaandika wapi?" Nikasema hajaandika ila nadhani kasahau. Akampigia simu daktari! Namba ya wodi ilikuwa kwenye karatasi. Kumbe homa hii ya kizazi ikishatibiwa kwa sindano, mtu akapona vizuri na kukaa bila homa siku mbili, vidonge vya kuendeleza nyumbani havihitajiki, na hiyo ipo kwenye mwongozo. Kumaliza dozi ni kumaliza uliyoandikiwa, sio kujiongezea ambayo hujaandikiwa. Mara ya tatu. Nikanunua vidonge vya damu na pedi nikaondoka, elfu saba jumla.

Mchanganuo wa bei sasa maana najua ndo mnachotaka. Sio rahisi kuliko wote Mwanjelwa, panado na vitu vidogo unaweza ukapata pungufu ya shilingi mia mbili ukitembea. Dawa zake ziko kwenye maboksi yake, tarehe za kuisha anakuonyesha bila kuombwa. Cheti ukiwa nacho anakuuzia antibayotiki dozi nzima, hakati nusu, jamaa mmoja mbele yangu alikuwa na cheti cha amoksilini na hela haitoshi, dada akampa dozi kamili akamwandika daftari la deni. Huyo huyo ambae mi nilikuwa na hela akanikatalia. Nilitafakari sana hilo.

Nilimuuliza kwani hasara haioni kukataa wateja, maduka yote yanauza. Akasema hasara anaiona kila siku. Akaniambia kisheria hizi ni dawa za cheti, ila cheti anakikumbuka nani. Yeye alianza kazi Songea kwenye haya maduka ya dawa muhimu, na ni huko huko Ruvuma yalikoanzia mwaka 2003, kabla ya hapo yalikuwa yale ya dawa baridi ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza antibayotiki kabisa na yalikuwa yanauza. Serikali ikaona bora iwafundishe wauzaji na iwaruhusu dawa chache zinazojulikana. Kwa hiyo nyie mnaopenda kusema kila kitu kizuri kinaanzia Dar, haya.

Kabla hajarudi Tukuyu mama mkwe akaniambia nipeleke kwa huyo binti anayekataa. Nikajua kuna vita. Nimempeleka, kakaa benchini kwenye ule upande wa tofali, kasubiri foleni kama wengine, zamu yake ikafika. Kamsalimia, kampa parachichi sita kwenye mfuko. Halafu kwa sauti ya chini kabisa, "mwanangu, nina kikohozi cha wiki sasa, nipatie rangi mbili." Dada akamtazama. Mimi nikatazama barabarani. "Rangi mbili ipi mama?" Mama akacheka mpaka akashika kaunta, maana hiyo hadithi nilishamsimulia. Akaambiwa kikohozi kikifika wiki mbili aende apime makohozi, akapewa ushauri wa asali na maji ya moto, akatoka hajanunua kitu.

Mambo madogo madogo. Wanafungua saa mbili asubuhi, saa mbili usiku wanafunga, jumapili nusu siku. Lipa namba ipo. Chenji hawana, ukienda na noti ya elfu kumi asubuhi utatumwa wewe ukaitafute kwa muuza mahindi. Foleni jioni ni ndefu kwa sababu kila mtu anaulizwa maswali, nenda saa nne asubuhi.

Na ile nyota. Nilimwambia dada, mambo ya wake zetu usiyaulize mbele ya benchi zima, wapo watakaodanganya hawana homa kwa sababu ya aibu na wewe utakosa jibu la kweli. Mke wangu mwenyewe alificha harufu siku nzima kwa aibu na yuko na mume wake chumbani, sembuse hapo. Akanyamaza kidogo akasema umesema kweli, nitaweka pazia. Hiyo ni mwezi uliopita. Jumanne nimepita, pazia limekunjwa juu ya friji bado halijapigwa msumari, nikamwambia nina drili kibandani kwangu nitakuja kuliweka mwenyewe. Likishakaa nabadilisha hii kuwa tano.